Mirija Isiyong'atwa

Kwanza ilikuwa pumzi. Ndefu, nyembamba, ikipita ndani ya kitu chenye tundu, kama mtu anayepuliza vumbi kwenye kioo cha picha. Kisha mlio mmoja mdogo, ti, na kimya.

Mpelelezi alifumbua macho kwenye kiti cha sebuleni. Saa ya ukutani ilisema saa kumi na dakika thelathini na tano za alfajiri. Hakuinuka mara moja. Kazini walimwita Taratibu, na jina hilo hakulipata bure. Alikaa akisikiliza kila sauti ya nyumba na kuiweka mahali pake. Uani maji yalimwagika kwa kata: huyo mama wa mtoto, anaoga awahi zamu yake kwenye kiwanda cha kushona sare. Nyuma ya pazia la chumba cha mtoto mashine ya oksijeni ilinguruma kama paka aliyeshiba. Baadaye kidogo, kipande cha boksi kilianza kupepea jikoni, pa, pa, pa: huyo bibi wa mtoto, anawasha jiko la mkaa. Kila sauti ilikuwa na mwenyewe, isipokuwa ile pumzi.

Magotini mwake alikuta shuka. Alipolala hakuwa na shuka. Alilikunja vizuri, akavua viatu asije akamwamsha mtoto, akalisogeza pazia.

Mtoto wa miaka tisa alikuwa amelala chali, mipira miwili midogo ya oksijeni puani, midomo yake ikiwa na rangi ya zambarau iliyofifia. Mkono wake ulining'inia nje ya kitanda. Alikuwa usingizini kweli. Mpelelezi alimwangalia mpaka akaridhika. Kwenye kimeza cha pembeni palikuwa na kipima pumzi, kifaa kisichozidi kipande cha sabuni. Taa yake ya kijani ilikuwa ndiyo kwanza inazimika. Mdomoni mwa kifaa ulichomekwa mrija mfupi wa karatasi ngumu. Aliugusa kwa ncha ya kidole. Ulikuwa na uvuguvugu, na ncha yake ilikuwa mbichi.

Chumba kilikuwa na mlango wa pili, wa kwenda jikoni. Ulikuwa umerudishwa tu. Dirisha lilifungwa, upepo haukuwapo, lakini ukutani juu ya kitanda uzi mrefu uliotungwa mirija kama ile, mamia yake, ulikuwa bado unacheza polepole, kana kwamba kuna mtu aliyepita sasa hivi na kuugusa kwa bega.

Kesi hii aliletewa Jumatatu, siku mbili kabla, na daktari wa mapafu wa hospitali ya watoto. Miezi minane iliyopita mtoto huyu aliwekewa mapafu mapya. Alikuwa amesubiri mwaka na miezi miwili, kwa sababu pafu si kama nguo ya kukunja pindo. Lazima litoshe kifua, na mapafu ya kutosha kifua kidogo hutoka kwa mtoto mwingine, mzazi wake akiwa katika saa mbaya kuliko zote. Zamani, daktari alisema, tulikuwa tukiwashika mikono tu. Siku hizi tunaweza. Lakini mapafu, tofauti na moyo au figo, yanakutana na hewa ya nje kila dakika, na mwili nao haukomi kuyauliza nyinyi ni nani. Ndiyo maana kila asubuhi mtoto hupuliza kile kifaa nyumbani, nacho hutuma hospitalini tarehe, rangi ya taa na namba moja tu, ile pumzi bora ya siku. Mapafu yakianza kukataliwa, namba hushuka kabla mtoto hajahisi lolote.

Namba ya nyumbani haikushuka. Miezi mitatu mfululizo ilicheza kwenye lita 1.20, 1.21, 1.22. Ila Jumatatu mtoto alipoletwa kliniki, kipimo cha hospitali kilisoma 0.86.

"Ama dawa haiingii kwa mtoto," daktari alimwambia, "ama namba haitoki kwa mtoto. Nitafutie ni lipi. Na kama ni namba, nitafutie ilianza lini kuwa ya uongo. Hiyo tarehe ndiyo ninayoitaka kuliko jina la mtu."

Mpelelezi aliuliza kwa nini tarehe. Daktari alichora mistari miwili kwenye karatasi. Mmoja ulishuka ghafla, mwingine ulishuka kidogo kidogo. Kama pumzi ilianguka juzijuzi, ni mwili umeshambulia mapafu kwa ghafla, na dawa kali ya mshipani ndani ya siku tatu yaweza kuyaokoa. Kama imekuwa ikimomonyoka kwa miezi, hayo ni makovu, na dawa hiyo hiyo itamvua kinga tu imuue bure. Kumlaza usingizi ili amkate kipande cha pafu akichunguze, kwa pumzi ile, hakuthubutu. Wodi ilikuwa na mlipuko wa mafua. Chumba cha peke yake kingepatikana Jumatano saa tatu asubuhi. Siku hiyo hiyo saa nane jopo la hospitali lingekaa kuamua kama familia hii iendelee kukabidhiwa matibabu hayo au la.

Sasa ilikuwa Jumatano.

Jumanne yote aliimaliza kwenye dawa, kwa sababu watu huanza na wizi. Dawa zile ni adimu, na zipo kona za mji ambako huuliziwa kwa kunong'ona. Alihesabu vidonge mara mbili, akalinganisha na karatasi za mfamasia, akaangalia kufuli la kasha na kengele za simu za kukumbusha dawa. Mama wa mtoto alimtazama tu akihesabu, mpaka alipomuuliza kama kuna mtu aliwahi kumwomba ampunguzie dawa.

"Mimi niuze pumzi ya mwanangu?" alisema. Hakupandisha sauti. "Hesabu tena, kaka. Hesabu mpaka uchoke."

Hakikupungua kidonge hata kimoja. Na jioni maabara ilipiga simu: dawa katika damu ya mtoto ilikuwa sawasawa na inavyotakiwa. Basi uongo ulikuwa kwenye namba. Alimfikiria mama tena, kwa kuwa ndiye aliyekuwa na la kupoteza mbele ya jopo. Alimpigia mpima pumzi wa hospitali, akauliza mwanamke mzima, mzima wa afya, angesoma ngapi. Mpima pumzi akacheka. Angesoma mara mbili na zaidi, alisema. Kifua cha mtu mzima hakijifichi. Aliyepuliza 1.21 ana kifua cha mtoto.

Na ndani ya nyumba ile mtoto alikuwa mmoja. Ndiyo maana akaomba kulala sebuleni.

Mama wa mtoto aliingia kutoka uani akiwa amevaa tayari. Alishika kikombe cha chai ya moto kwa viganja vyote viwili, hakunywa, aliipasha tu mikono joto, ndipo akamgusa mwanawe kipaji. Alimwambia mpelelezi kwamba atamwomba msimamizi ruhusa akutane nao hospitalini saa tatu, na akikataa atakuja vivyo hivyo. Kisha akatoka. Baba wa mtoto alikuwa kazini mbali, harudi mpaka mwisho wa mwezi.

Mguso ule ulimwamsha mtoto. Alimkodolea macho mgeni.

"Shikamoo babu."

"Marahaba."

"Ukilala unakoroma kama pikipiki iliyoishiwa mafuta."

Mpelelezi alikubali kosa. Alivuta kigoda, akamuuliza kama leo ameshapuliza. Mtoto aligeuza shingo kukiangalia kifaa, naye akauliza.

"Taa iliwaka kijani?"

"Iliwaka."

"Basi amekuja," alisema, akajilaza tena kwa utulivu.

"Nani?"

"Mwenyewe." Akaweka kiganja kifuani, juu ya kovu.

Alieleza kwa vipande vipande, akipumzika kati ya maneno. Bibi humwambia kwamba hupuliza akiwa nusu usingizini, ndiyo maana hakumbuki. Lakini yeye ana miaka tisa, si mtoto mchanga, na mtu anajua kama mdomoni mwake palipita mrija. Kama si yeye, ni nani tena? Hospitali haikumwambia jina la aliyempa mapafu, wala kama ni wa kike au wa kiume. Walimwambia tu alikuwa mtoto kama yeye. Huyo huja kabla hakujapambazuka. Hukaa hapo, huchukua pumzi yake, huipima, halafu huirudisha.

"Mwanzoni nilimwogopa, nilijua anakuja kuyachukua. Sasa namngoja. Akija najua bado yanafanya kazi."

Mpelelezi alimuuliza kama amewahi kumwona.

"Sifumbui macho. Si adabu kumtazama mtu anayetumia kitu chake." Alishusha sauti. "Ila namsikia. Anavuta pumzi kwa shida, vile nilivyokuwa navuta mimi kabla ya kupasuliwa. Nadhani tulibadilishana. Mimi nikachukua yake, yeye akachukua yangu."

Mashine ya oksijeni ilinguruma. Mpelelezi aliandika maneno hayo kwenye daftari kama yalivyo, akayapigia mstari: anavuta pumzi kwa shida.

Kisha akauliza juu ya uzi wa ukutani. Hapo mtoto alichangamka. Hospitali hutoa mirija kwa pakiti, mmoja wa kila siku, na ukishatumika hutupwa. Bibi alikataa kutupa. Alisema kitu kilichopitisha pumzi ya mjukuu wake hakiendi jalalani, akaanza kuitunga kwenye uzi wa kushonea magunia, kila siku mrija na fundo, ili mtoto aone njia aliyotoka. Wanauita mkufu. Ukienda hadi mwisho wa kitanda, atanunuliwa viatu vyekundu.

"Naomba niushike."

"Shika, lakini usiukate."

Aliushika ule wa kwanza kabisa, wa miezi minane nyuma. Ncha yake ilikuwa na vishimo vidogo pande zote mbili. Wa pili vilevile. Mtoto alikiri kabla hajaulizwa: huung'ata mrija usimteleze, na nesi alishamwita panya.

Mpelelezi aliwasha tochi ya simu, akausogelea ukuta. Alipita mirija mmoja mmoja, na midomo yake ilikuwa ikihesabu bila sauti. Umeng'atwa. Umeng'atwa. Umeng'atwa. Vijino vidogo, safu baada ya safu, kama nyayo za ndege kwenye udongo mbichi. Karibu na mwisho wa uzi nyayo zilikoma. Mirija iliyobaki ilikuwa laini; ncha zake zililowa na kukauka, zikavimba kidogo, lakini hapana jino lililozigusa. Ishirini na miwili. Na ule wa leo, ambao bado ulikuwa kwenye kifaa, wa ishirini na tatu.

Ila kilichomfanya ainame zaidi kilikuwa pale nyayo zilipokomea. Fundo moja lilibeba mirija miwili. Mmoja umeng'atwa, mmoja laini. Siku moja, midomo miwili.

Alirudi nyuma siku ishirini na tatu kwenye kalenda ya simu. Ilikuwa Jumatatu. Aliuchomoa mrija wa leo kwa leso, akapita mlango wa pili.

Jikoni bibi alikuwa ameketi kwenye kiti kifupi, akimimina chai ya maziwa kutoka kikombe kimoja kwenda kingine ipoe. Aliitikia shikamoo ya mpelelezi, akamsogezea mto wa kukalia kabla hajamuuliza shida yake. Mpelelezi alishukuru kwa shuka. Bibi akasema ubaridi wa alfajiri hauna rafiki.

Alimtazama akiimimina chai mara ya tano, ya sita. Kipande cha boksi kilikuwa kando ya jiko. Alikumbuka kwamba hakikuanza kupepea mpaka baada ya ile pumzi.

"Mama, mbona huipulizi?"

Bibi akatabasamu. Meno ya mbele ya juu hayakuwapo. "Pumzi zangu ni za kuhesabu, mwanangu. Miaka thelathini na mmoja kwenye kiwanda cha kuchambua pamba. Lile vumbi lilikaa humu likaota mizizi. Daktari wa kule alinipima akasema, bibi, umebakiwa na kifua cha mtoto."

Ndipo mpelelezi akaufunua mrija na kuuweka juu ya meza, kati ya vikombe viwili.

Bibi aliutazama. Aliacha kumimina. Makaa yakalia ndani ya jiko. Hakukana.

Alianza na mafua. Mtoto alikuwa na mafua siku tatu, na Jumatatu ile mama yake alipokwishatoka kwenda kazini, mtoto alipuliza, taa ikawaka njano. Akalia. Akasema mwenyewe anayataka mapafu yake. Bibi alimbembeleza mpaka akalala, halafu akabaki na kile kifaa mkononi. Alitaka tu kujua kama kimeharibika. Akachomeka mrija mpya, akapuliza. Kijani. Moja nukta mbili moja, namba ile ile ya mjukuu wake, kama wamegawana kifua. Alijiambia kwamba mashine ni nzima na ile njano ni makamasi tu yatakayopita. Kifaa hushika pumzi iliyo bora ya siku. Ya mtoto kikaitupa, yake kikaituma. Mtoto alipoamka akaambiwa imewaka kijani. Akacheka, akala.

"Nikasema ni leo tu. Kesho yake nikasema leo tu." Alipangusa meza palipokuwa pasafi. "Alikuwa anacheka, mwanangu. Hukumwona akilia."

Mpelelezi aliuliza kuhusu jana na leo. Daktari alishasema namba ni ya uongo, na yeye mwenyewe alikuwa sebuleni, hatua sita kutoka hapo.

"Nilitaka kuacha. Lakini nilishamzoesha mgeni. Angeamka aulize mbona leo hakuja, ningemwambia nini? Angejua ameachwa."

"Na mrija wako wa siku ya kwanza, kwa nini uliutunga? Ungeutupa kwenye jiko, nisingejua tarehe milele."

Bibi alifikiri, kama mtu anayeulizwa kwa nini hufagia nyuma ya mlango.

"Taa niliweza kuidanganya. Mkufu nilishindwa. Ule ni wake."

Kazi ilikuwa bado na hatua moja. Mpelelezi alikileta kifaa na mrija mpya, akamwomba apulize mbele yake. Bibi alishika ukingo wa meza, akafumba macho. Ikatoka ile ile: ndefu, nyembamba, kama mtu anayepuliza vumbi kwenye kioo cha picha. Ti. Kijani. 1.21. Kutoka chumbani sauti ya mtoto ikauliza, kwa woga kidogo, kama amerudi tena.

Bibi alishika mdomo. Mpelelezi aliandika namba na saa, kisha akampigia daktari.

Alimpa tarehe kwanza. Halafu ushahidi: fundo lenye mirija miwili, ishirini na mitatu isiyong'atwa baada yake, na kipimo alichokishuhudia. Mafua siku tatu kabla. Jumatatu ile ndiyo mtoto alipuliza mwenyewe kwa mara ya mwisho, na mpaka siku moja kabla yake meno yake yapo kwenye kila mrija.

"Basi ile 1.20 ya mwezi uliopita ilikuwa yake kweli," daktari alisema. "Makovu hayaji kwa siku ishirini na tatu. Mlete sasa hivi, usingoje saa tatu. Dawa itakuwa imeshatundikwa. Na mwambie mama wa mtoto kwamba sijaahidi kitu."

"Na jopo?"

"Andika ulichokiona."

Aliandika pale pale juu ya goti. Hakuna dawa iliyopotea. Kipimo kiliharibiwa na mtu mmoja, ambaye pia ndiye aliyehifadhi ushahidi wote wa kukirekebisha. Bibi alimsikiliza akisoma, akauliza kama atafungwa. Alimjibu kwamba kuanzia leo hatakigusa kile kifaa, na mtoto atapuliza huku mama yake au nesi akimwangalia. Na kwamba liko jambo moja ambalo mpelelezi hawezi kumfanyia: kumwambia mtoto. Bibi akaitikia kwa kichwa. Alimalizia kuipoza chai, akaipeleka chumbani, na safari hii aliufunga mlango kabisa.

Jumamosi jioni mpelelezi alipanda hadi wodi ya watoto, mkufu ukiwa ndani ya mfuko wa karatasi. Jopo lilikuwa limeshauchunguza, likapiga picha, likaiacha familia kwenye matibabu kwa masharti. Kwenye mlango wa chumba cha saba palibandikwa namba tatu za siku tatu: 0.86, 0.88, 0.97. Chini yake nesi alikuwa amechora panya mdogo.

Ndani, bibi alikuwa amekaa kando ya kitanda, barakoa usoni, akishikilia mguu wa mjukuu wake juu ya shuka. Mama alikuwa amesinzia kwenye kiti cha pili na sare yake ya kazi. Mtoto aliupokea mkufu, akaushika kwenye ile sehemu laini, akaipitisha vidoleni kimya kimya.

"Hii yote ni wewe?"

"Ni mimi, mke mwenzangu."

"Kwa hiyo yeye hajawahi kuja. Hata siku moja."

"Hata siku moja."

Mtoto aliangalia dirisha, ambako giza lilikuwa linaanza. Mpelelezi alisimama mlangoni na hakuingia. Katika ukimya ule alizisikia pumzi zao, ya bibi na ya mjukuu, na kwa kitambo hakuweza kuzitofautisha ipi ni ya nani.

"Usiku hapa ni mrefu," mtoto alisema mwishowe. "Kesho uje tena, bibi. Uje alfajiri, kama zamani. Usipulize kitu. Kaa tu hapo, upumue, nikusikie."